Raketi haina ukoo

 

Juma hili tunaongea juu ya raketi ya tenisi. Tunawasikia wengine wakisema: "Mwalimu ametuacha sasa, anaongea mambo ya matajiri." Mtuvumilie kidogo. Ni kweli, viwanja vingi vya tenisi katika miji yetu vilijengwa wakati wa wakoloni, na kwa muda mrefu mtoto wa Mkongomani aliingia mule kusudi ya kuokota mipira tu. Lakini wale waliookota mipira walijifunza kwa macho, wakacheza jioni wakati wenye kiwanja wamerudi kwao, na kati yao wametoka makocha ambao leo wanafundisha watoto wetu siku ya posho. Sasa mama ambaye juzi hakujua tenisi ni nini anasikia mtoto akimwambia: "Mama, ninataka raketi."

Hapo mama anauliza mtu anayejua, na mtu yule anajibu kwa jina moja: "Nunua marke fulani. Nyingine zote ni bure." Sisi pia tulijibiwa hivyo, tukasadiki, na mtoto wetu ndiye aliyelipa. Tunaeleza kosa letu hapa kusudi liwafae wengine.

Binti yetu wa tatu ana miaka 11. Mwaka jana, wakati wa likizo kubwa, alianza tenisi pamoja na watoto wengine wa kartie. Kocha alikuwa na raketi nne za watoto, za zamani, za marke ambayo hakuna mtu anayeijua, nao watoto walipokezana. Jioni binti alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akieleza kila mpira kama vile watu wanavyoeleza harusi. Tulimwandikia kaka yetu mkubwa, Yaya, ambaye anaishi Ubelgiji na anacheza tenisi tangu ujana wake.

Yaya alifurahi kutupita sisi. Kwake yeye tenisi ina marke moja tu. Amecheza na marke ile zaidi ya miaka 20, na ukisifu nyingine mbele yake, uso unabadilika kama vile umetukana ukoo wake. Kisha miezi miwili alituma raketi kwa mkono wa msafiri. Ilifika ndani ya mfuko mweusi wenye jina kubwa jeupe. Majirani walikuja kuiona. Baba watoto aliishika, akaizungusha mara mbili sebuleni, akasema: "Hii ndiyo raketi ya kweli." Tuliitundika kwenye ukuta, karibu na picha ya ndoa yetu.

Mwezi mmoja ulipita, binti akaanza kubadilika. Posho moja kichwa kinamuuma. Posho nyingine ana masomo ya kurudilia. Posho ya tatu akasema wazi: "Mama, sipendi tena tenisi." Na sisi, ambao tulisomea namna ya kufundisha watoto, na tunafundisha wengine namna ya kusikiliza mtoto, tulimjibu nini? Tulimjibu: "Wewe ni mvivu. Mjomba wako ametumika kusudi akununulie kitu ambacho hakuna mtoto mwingine wa kartie anacho, nawe unamlipa hivi?" Tunaandika maneno haya kwa haya. Mtoto alinyamaza, akatoa raketi kwenye ukuta, akaenda.

Ni kijana mmoja anayesaidia kocha, mmoja wa wale waliokua wakiokota mipira, ndiye aliyekuja nyumbani jioni ile. Alikataa kuketi. Alisema: "Mama Mwalimu, unisamehe, mimi ni mtoto kwako. Lakini binti huyu si mvivu. Umwangalie akibeba maji."

Tulimwangalia. Aliinua bidoni kwa mkono wa kushoto, na yeye ni mtu wa mkono wa kuume. Tulimwita, tukamgusa kwenye kiwiko, upande wa nje. Alivuta mkono kama mtu aliyeungua.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu raketi ya Mjomba."

"Na kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ni ya Mjomba. Na ni ya marke."

Wamama, usiku ule hatukulala vizuri. Kesho yake tulimpeleka kwa muuguzi, naye akaamuru mkono upumzike majuma matatu. Hakuna kilichovunjika. Lakini tuliona kwamba mtoto alikuwa ameficha maumivu mwezi mzima kusudi asiharibu sifa ya jina lililoandikwa kwenye mfuko. Jina lile tulimfundisha kuliheshimu sisi wenyewe, siku tulipolitundika karibu na picha ya ndoa.

Raketi mbili kwenye mizani

Majuma matatu yalipokwisha, kijana yule alirudi na raketi moja ya zamani ya kocha. Tuliomba mizani kwa mama jirani anayeuza samaki, na metre kwa fundi wa kushona, tukapima zote mbili mbele ya mtoto.

Raketi ya Mjomba: gramu 320, urefu sentimita 68 na nusu. Raketi ya kocha: gramu 240, urefu sentimita 63. Baba watoto akasema: "Gramu 80 ni nini? Ni kama yai moja na nusu." Ni kweli. Katika kikapu, yai moja na nusu halisikiki. Lakini zifunge gramu zile kwenye fimbo ambayo inapita urefu wa mkono wa mtoto, umwambie aizungushe kwa nguvu mara 200 kwa asubuhi moja. Kila mara mpira ukigonga, fimbo inarudi nyuma, na kinachoizuia ni mishipa midogo ya mkono, ile inayoshikilia kwenye kiwiko.

Tena mshiko. Kwenye raketi nyingi, chini ya mshiko kuna namba, 0 mpaka 5. Ile ya Mjomba ilikuwa na namba 4, maana yake karibu milimita 114 kuzunguka. Mkono mdogo hauwezi kuifunga vizuri, basi unaikaza sana kusudi isiponyoke, na mkono unaokaza siku nzima unachoka mpaka juu. Tena nyuzi. Zilikuwa za poliesta, zimevutwa sana. Nyuzi za namna hiyo zinapendwa na watu wenye mkono mzito wanaopiga mpira haraka na kuuzungusha, kwa sababu mpira unakaa ndani ya kiwanja. Kwa mtoto ambaye bado hana nguvu, ni kama kupiga mpira kwa ubao.

Kijana yule alisema neno ambalo tumelishika mpaka leo: "Mama Mwalimu, raketi hii si mbaya. Ni nzuri kabisa, lakini ni nzuri kwa Mjomba."

Wamama, ninyi mnajua jambo hili kutupita sisi wote, kwa sababu mnanunua majembe. Mama akienda sokoni kununua jembe, je, anaanza kusoma jina lililogongwa kwenye chuma? Hapana. Analiinua kwanza. Anasikia uzito unaenda wapi. Anatazama mpini kama unafaa kimo chake, anaukata ukiwa mrefu. Mama mfupi hachukui mpini wa dada yake mrefu hata kama wanapendana. Na jembe la shamba la mawe si lile la shamba la mchanga. Hakuna mtu aliyetufundisha hayo darasani. Mgongo ndio uliotufundisha. Basi, raketi ichaguliwe kama jembe.

Namna ya kupima bila kujua tenisi

Kocha alituonyesha mambo matano. Tunayaandika kwa maneno yetu, na kila mama anaweza kuyafanya kwa mikono yake.

La kwanza ni urefu. Raketi ya mtu mzima kwa kawaida ina sentimita 68 na nusu. Za watoto zinaanza karibu na 43 na kupanda pole pole. Mtoto asimame wima, mkono umelegea kando ya mguu, ashike mwisho wa mshiko huku kichwa cha raketi kinaelekea chini. Kikigusa udongo kidogo tu, ao kikibaki juu kidogo, urefu unafaa. Ikibidi akunje kiwiko, raketi ni ndefu. Mtoto mwenye kimo kati ya metre 1.30 na 1.45 mara nyingi anafaa ile ya sentimita 63. Msiseme: "Nitanunua kubwa, atakua ndani yake." Tunafanya hivyo na uniforme ya shule, na ni sawa, kwa sababu uniforme haigongi mpira.

La pili ni uzito. Raketi nyepesi inageuka haraka na haimchoshi anayeanza. Raketi nzito haitikisiki mpira ukija na nguvu, lakini inataka mkono wenye nguvu na muda wa kujiandaa. Mtoto ainyooshe mbele kwa mkono mmoja, ninyi mhesabu mpaka 30. Mkono ukitetemeka mapema, rudisheni. Tena muiweke juu ya kidole, katikati kabisa. Ikianguka upande wa kichwa, uzito uko mbele: inasaidia kusukuma mpira, lakini mkono unausikia. Ikianguka upande wa mshiko, inageuka kwa urahisi. Ndiyo sababu raketi mbili zenye gramu sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi.

La tatu ni kichwa, ile fasi yenye nyuzi. Kikiwa kikubwa, mpira usiogongwa katikati unavuka wavu hata hivyo, na anayeanza hagongi katikati mara nyingi. Kikiwa kidogo, mtu anayejua anaupeleka mpira pale anapotaka, lakini kosa dogo halisamehewi. Kwa mtu mzima anayeanza, tafuteni kati ya sentimita 645 na 690 za mraba. Mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye mbavu za raketi.

La nne ni mshiko. Mtoto aushike kama vile anamsalimu mtu kwa mkono. Kati ya ncha za vidole na nyama ya kiganja ibaki fasi ambamo kidole cha shahada cha mkono mwingine kinaingia. Kisipoingia, mshiko ni mwembamba. Kikicheza ndani, ni mnene. Mkiwa katikati ya namba mbili, chukueni ile ndogo, kwa sababu mnaweza kuongeza utepe wa kuzungusha juu yake, lakini kuupunguza ni kazi ngumu.

La tano ni nyuzi, na hapa ndipo watu wengi wanasahau. Mpira haugusi marke. Unagusa nyuzi. Nyuzi laini za nailoni zinafaa watoto na wanaoanza. Kwenye raketi mara nyingi kumeandikwa kipimo cha kuzivuta, kwa mfano kilo 22 mpaka 26. Zikivutwa kidogo, mpira unaenda mbali na mkono unapumzika. Zikivutwa sana, mpira unatii zaidi lakini mkono unafanya kazi yote. Kwa mtoto, mwambieni anayefunga nyuzi akae chini ya kipimo. Mara nyingi kubadili nyuzi tu kunaponya raketi ambayo mlitaka kuitupa.

Kisha mambo hayo matano, muulize: anacheza namna gani? Kocha wake atawajibu. Kuna mtoto mwenye subira, anakaa nyuma, anarudisha mipira yote mpaka mwenzake achoke. Kuna mwingine ambaye hana subira, anakimbia mbele kwenye wavu. Kuna mwingine anayepiga kwa nguvu zote na kuangalia baadaye. Wa kwanza anahitaji raketi inayomsaidia kufikisha mpira mbali bila kujichosha. Wa pili anahitaji ile inayogeuka haraka. Wa tatu nguvu anayo tayari, anahitaji ile inayotii. Hata watoto wawili wa tumbo moja wanaweza kuhitaji raketi mbili tofauti.

Kwa wadogo wa miaka 10 na chini, jueni pia hili. Tangu 2012, sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi haziruhusu mashindano yao kuchezwa na mpira wa njano wa kawaida. Wanaanza na mpira mwekundu unaokwenda pole kabisa, katika kiwanja kidogo cha karibu metre 11, kisha wa rangi ya machungwa katika kiwanja cha metre 18, kisha wa kijani katika kiwanja kizima, chenye metre karibu 24. Sababu ni ile ile: chombo kimfuate mtoto. Mkiona mtoto wa miaka 8 anapigana na mpira wa watu wazima na raketi ya baba yake, mjue hajifunzi tenisi, anajifunza kuichukia.

Jina limetoka wapi?

Hatusemi kwamba marke haina faida. Kampuni kubwa zinafanya kazi nzuri, vipimo vyake vinaandikwa wazi, na chombo kinaweza kudumu. Lakini kuaminia jina kama vile ni ukoo, hapo tunajidanganya. Majina yenyewe hayakuzaliwa na raketi mkononi.

Wilson ya Marekani ilitoka katika biashara ya machinjio huko Chicago. Mwaka 1913 walitafuta namna ya kutumia mabaki ya wanyama, na kati ya mambo mengine wakafanya nyuzi za raketi kwa matumbo. Babolat ya Ufaransa ilianza 1875 na nyuzi peke yake. Ilikaa zaidi ya miaka 100 bila kuuza raketi hata moja, mpaka 1994. Yonex ya Japani ilianza 1946 na vitu vya mbao, kama vile maboya ya nyavu za wavuvi. Kila moja ilibadilika wakati ilipoona faida. Kama kampuni zenyewe hazikubaki na kazi moja, kwa nini mkono wa mtoto wetu ubaki na jina moja?

Angalieni pia wachezaji. Mwaka 1978 msichana wa Marekani wa miaka 16, Pam Shriver, alifika fainali ya US Open akiwa na raketi ya Prince yenye kichwa kikubwa, wakati wakubwa wengi walikuwa na vichwa vidogo vya mbao. Katika nusu fainali alimshinda Martina Navratilova. Fainali alishindwa na Chris Evert, lakini kisha hapo vichwa vya raketi vilizidi kukua kwa kila kampuni.

Na Roger Federer, ambaye Yaya anampenda sana. Alishinda mashindano makubwa 17 na raketi yenye kichwa kidogo cha inchi 90 za mraba, maana yake karibu sentimita 580. Mwaka 2013 alianza kushindwa na watu ambao zamani walimwogopa. Akajaribu kichwa kikubwa zaidi, akashindwa tena, akairudisha. Lakini mwaka 2014 alichukua ile ya inchi 97, akavumilia. Mwaka 2017, akiwa na miaka 35, alishinda tena Australia na Wimbledon. Mtu atasema: "Lakini hakuacha marke yake." Ni kweli. Aliacha kipimo chake. Na kama yeye, mwenye vikombe vyote vile, aliweza kusema "raketi hii hainifai tena", sisi tunaogopa nini?

Jambo la mwisho juu ya majina: raketi ambayo bingwa anashika kwenye televizyo mara nyingi si ile inayouzwa dukani. Wengi wao wanacheza na chombo cha zamani wanachokizoea, au kilichoongezewa uzito, nayo kampuni inakipaka rangi za toleo jipya. Kwa hiyo anayenunua "raketi ya fulani" mara nyingi amenunua rangi yake tu.

Simu ya Yaya

Tulijua yote haya, lakini bado kulikuwa na mlima wa kupanda: kumwambia Yaya. Zawadi ya kaka mkubwa hairudishwi hivi hivi. Mama yetu angesema ni kukosa adabu. Tulikaa juma zima tukitafuta maneno, na siku ya yenga, kisha misa, tukapiga simu.

Tulianza na salamu zote, za nyumba, za watoto, za baridi ya kule. Kisha tukasema: "Yaya, tunakuomba ruhusa. Raketi yako ni nzuri, lakini imekuwa nzito kwa mtoto. Mkono wake umeumia."

Alinyamaza. Tulifikiri simu imekatika. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kiwiko?"

"Ndiyo, kiwiko."

"Upande wa nje?"

"Upande wa nje. Umejuaje, Yaya?"

Akacheka kidogo, lakini si kicheko cha furaha. "Dada, mimi ninavaa bandeji pale tangu miaka miwili. Daktari aliniambia nibadili raketi, nichukue nyepesi na nyuzi laini. Nilimwambia mimi ni mtu wa marke moja." Akanyamaza tena. "Mwambie mtoto Mjomba anamwomba msamaha. Na ile raketi, fanyeni kinachomfaa."

Tulimwita binti, akasikia neno lile kwa masikio yake. Mtoto anayesikia mkubwa akiomba msamaha hasahau upesi. Na sisi pia tulimwomba msamaha kwa lile neno "mvivu". Yeye alijibu tu: "Sawa, Mama," akakimbia kutafuta viatu vyake. Lakini jioni alikuja kuketi karibu nasi bila kuitwa.

Raketi ya Mjomba tulimwachia kijana yule anayesaidia kocha, kwa makubaliano: kwake inafaa kabisa, na badala ya kulipa mafranga, anamfundisha binti posho kumi. Raketi ya binti tuliipata kati ya vitu vilivyokwisha kutumika. Ina gramu 240, mshiko namba 0, na marke yake imefutika. Tulilipa nyuzi laini mpya tu. Anacheza nayo mpaka leo, na bidoni anabeba kwa mkono wa kuume.

Kwa vikundi vyetu

Wamama, raketi mpya ya jina kubwa kule Ulaya inaweza kupita dola 200. Hesabuni ni miezi mingapi ya minervali. Msiruhusu mtu yeyote, hata wa ukoo, awatie haya kusudi mkope juu ya jina.

Kama watoto wa kikundi chenu wanataka kucheza, fanyeni kama likelemba: nunueni pamoja raketi tatu ao nne za urefu mbalimbali, za zamani lakini nzima, muandike urefu na uzito kwenye karatasi iliyofungwa kwenye mshiko. Mtoto akikua, anarudisha ndogo na kuchukua inayofuata. Mkinunua ya zamani, tazameni kama mbavu hazina ufa, muigonge kidogo kwa kidole msikie kama inalia vibaya. Na kabla ya kulipa, mtoto apige nayo angalau nusu saa. Muuzaji akikataa isijaribiwe, mtafute mwingine.

Na mama mwenyewe akitaka kucheza, tusimcheke. Aanze na kichwa kikubwa, gramu 260 mpaka 285, mshiko namba 1 ao 2, na nyuzi laini. Asichukue ile ya bwana wake kwa sababu iko tu nyumbani.

Zaidi ya yote, mtoto akisema "sipendi tena", tumuulize kwanza: ni wapi panapouma? Sisi tuliuliza nyuma ya mwezi mzima. Ninyi mwulize siku ile ile.

Katika mkutano wenu ujao, mzungumze: ni kitu gani nyumbani kwetu tunakishika kwa sababu ya jina tu, na kinatuumiza?

Tuonane juma lijalo. Mungu alinde nyumba zenu.